Hesabu Zinaishia Nne

Nyumbani kwangu kuna kandambili tisa na zote ni za mguu wa kushoto. Nimezihesabu usiku wa kuamkia jana, kwa sababu mwanamke mwenye mimba ya miezi saba halali, anahesabu. Za kulia sijui zinakokwenda. Baba Zuhura anasema zinachukuliwa na maji ya mvua, maana sisi tunakaa Msasani, Bonde la Mpunga, na mtaa haupewi jina kama hilo kwa sababu wenyeji wake wanapenda wali. Sawa. Lakini ni maji gani hayo yanayochagua mguu?

Nina watoto wanne. Zuhura ana miaka 11, Rama 8, Asia 5 na Idd 2 na kidogo. Wamepishana mitatu mitatu kama ngazi iliyopigwa na fundi mwenye rula, na kwa muda mrefu nilisifiwa mtaani kwa hilo. Kliniki walinitolea mfano. Sasa ngazi imepinda. Wa tano anatarajiwa Idd akiwa hajatimiza miaka miwili na nusu, na wale walionisifia ndio wa kwanza kuniuliza imekuwaje, tena kwa sauti ya chini, kama vile nimeibiwa.

Nitaeleza mara moja hapa ili nisirudie. Mimi ni mtu wa sindano. Kila baada ya miezi mitatu naenda kituo cha afya, nachomwa, narudi nyumbani na amani yangu. Sasa siku yangu ikagongana na siku ya Idd ya chanjo ya surua na rubela, ile ya miezi 18. Jengo moja, foleni mbili. Upande huu akina mama na watoto wao, upande ule akina mama wanaowakimbia watoto. Nikasema mtoto kwanza. Idd akachomwa, akapiga kelele mpaka wale wa foleni ya pili wakazidi kuamini uamuzi wao. Nilipomaliza kumbembeleza, dirisha la sindano lilikuwa limeshafungwa. "Njoo kesho, mama." Kesho yake Asia akaamka na homa. Kesho kutwa ofisini kwetu wakaja wakaguzi. Mtondo ikanyesha. Mtondogoo sikumbuki. Kwa ufupi Idd hataugua surua, na mimi nina mimba.

Tena Idd alijua kabla yangu. Siku moja aliinama katikati ya ua, kichwa chini, akachungulia kati ya miguu yake. Jirani yangu Mama Mwajuma alikuwa anapepeta mchele. Akaweka ungo chini taratibu.

"Makubwa! Mama Zuhura, mtoto anachungulia mdogo wake huyo."

Nikamwambia anatafuta kandambili. Wiki mbili baadaye nikajikuta nimesimama jikoni nanusa njiti za kiberiti na kuona raha.

Kila mimba ina adui yake. Ya Zuhura ilichukia vitunguu, ya Rama ilichukia samaki, na kwa mtu anayekaa jirani na soko la samaki la Msasani hilo ni sawa na kuchukia hewa. Ya Asia ilichukia mlio wa simu. Ya Idd haikuchukia kitu, na ndiyo iliyonidanganya. Hii imemchukia Baba Zuhura. Ni fundi viyoyozi, anashinda kwenye majumba ya Masaki akiwapoza wenzetu, jioni anarudi na harufu ya gesi na vumbi la vichujio, na mimi nikimsikia tu kwenye kona nakimbilia chooni. Amehamia sebuleni kwenye godoro la Rama. Hajalalamika hata siku moja, jambo linalonitia wasiwasi. Na kabla hujaniuliza, hapana, kwetu hakuna kiyoyozi. Kuna feni moja ambayo huanza kuzunguka baada ya kusukumwa na mpini wa ufagio.

Siku hizi hongera ina mkia. "Hongera, Mama Zuhura... tena?" Hiyo "tena" ndiyo wanayotaka kuisema, hongera ni nauli yake tu. Wenye huruma zaidi huongeza kwamba mtoto huja na riziki yake. Sipingi. Ila nilivyoona mimi, mtoto hupanda ndege na riziki hupanda daladala. Ya Zuhura ilifika. Ya Rama iliingia mwaka juzi. Ya Asia imekwama foleni ya Morocco, na ya Idd nasikia gari bado linajaza.

Kuna mzee mmoja wa barazani karibu na kwetu ambaye jibu lake kwa kila kitu ni Mwalimu Nyerere. Msasani Mwalimu si historia, ni jirani aliyetangulia; aliishi hapa hapa, na watu wa umri wa mzee huyu bado wanasema "kwa Mwalimu" kama wanavyosema kwa muuza mkaa. Aliponiona na tumbo akanisalimia vizuri, kisha akanipa dawa yake.

"Mwanangu, usijali maneno ya watu. Mwalimu alikuwa na wanane."

"Mzee wangu," nikamwambia, "wanane wa Mwalimu na wanane wa Bonde la Mpunga hawawezi kula sufuria moja."

Akacheka mpaka akakohoa, akaniomba kiberiti. Nilikuwa nacho.

Baba Zuhura yeye ana hayati Magufuli. Mwaka 2018, akiwa Meatu mkoani Simiyu, Rais aliwaambia wananchi wazae, akasema wanaopanga uzazi ni wavivu wanaoogopa kulisha watoto. Baba Zuhura aliisikia kauli hiyo redioni, na ameikariri kuliko namba yake ya NIDA. Namjibu kila mara kwamba Meatu wana mashamba na ng'ombe. Mtoto wa Meatu akifika miaka sita anachunga. Wa kwetu akifika miaka sita anaomba bando.

Nataka niseme neno kuhusu takwimu, kwa sababu mimi kazi yangu ni uhasibu na hapa ndipo ninapopumulia. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2022 unasema mwanamke wa Tanzania huzaa kwa wastani watoto 4.8. Nilipousoma mara ya kwanza nilicheka. Huyo 0.8 anavaa sare saizi gani? Sasa sicheki. Wanne wapo nje. Wa tano ana miezi saba kati ya tisa, na saba gawa kwa tisa ni 0.78. Jumlisha nne: 4.78. Kadiria: 4.8. Yaani mimi mnayeniuliza "tena?" ndiye wastani wa taifa. Nimeufikia Jumamosi iliyopita nikiwa naanika sare za shule, na hakuna aliyenipa hata mkono. Najua wenzangu wa mjini wako chini ya hapo na wa vijijini wako juu, lakini njoo Bonde la Mpunga masika ikipamba moto halafu uniambie kama hapa ni mjini.

Kinachonikera si wastani. Ni kwamba nchi hii imejifunza kuhesabu ikaishia nne.

Kaka wa rasilimali watu ofisini kwetu aliniita. "Dada, karibu, kaa." Mtu ambaye siku zote hukuambia umsubiri nje akikwambia ukae, jua kuna jambo. Akafungua kijitabu cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, akakigeuza upande wangu kama mpishi anayekuonyesha samaki kabla hajamkaanga. Likizo ya uzazi ni siku 84, na siku 100 ukijaliwa zaidi ya mmoja kwa mpigo. Hayo nayajua, nimeyaishi. Chini yake sasa: mwajiri analazimika kumpa mfanyakazi likizo hiyo mara nne.

"Za kwako umemaliza, dada," akasema, kwa upole wa mtu anayekuambia maandazi yamekwisha.

Miaka yote ile nilidhani nazaa. Kumbe nilikuwa natumia tiketi.

Nikamkumbusha kwamba sheria hiyo hiyo inampa baba siku 3, tena azichukue ndani ya wiki ya kwanza, na kwamba yeye mwenyewe alizichukua mwaka jana mkewe alipojifungua. Siku ya kwanza baba hupiga simu kwao, ya pili hugombania jina, ya tatu huonyesha picha. Huyu aliporudi alikuwa na macho kama ametoka kuvua usiku. Alikiri kwa mdomo wake kwamba hakujua usiku una saa nyingi kiasi kile. Basi tukawa wanadamu kwa dakika tano. Tumeafikiana nichukue likizo yangu ya mwaka, siku 28, na zilizobaki "tutaongea". Kwa lugha ya ofisini, tutaongea ni hapana iliyovaa tai. Na siku 28, kwa wasiojua uzazi wa pwani, arobaini yenyewe haijaisha. Nitakuwa nakunywa uji wa pilipili manga kwenye kikao cha bajeti.

Nikatoka hapo nikaenda kuuliza habari ya bima. Mfuko wa taifa unamtambua mwanachama, mwenza wake na wategemezi wanne. Nne tena! Jumla sita, na sisi sita tumeshatimia: mimi, Baba Zuhura na ngazi yangu. Nikamuuliza dada wa dirishani, kwa utani kabisa, kama naweza kumtoa mwenza ili nafasi yake apewe mtoto. Dada hakutania. Alichukua kalamu.

"Ni talaka au kifo?"

"Hapana," nikasema, "ni harufu."

Akaiweka kalamu chini.

Hata kuku hajaumbwa kwa ajili yetu. Kuku ana mapaja mawili. Ukiwa na watoto wawili, kuku ni chakula. Ukiwa na wanne, kuku ni kesi. Tumeishi kwa zamu: wiki hii paja la Zuhura na Asia, wiki ijayo Rama na Idd, firigisi ya baba kama walivyoamua wazee, na mimi ndiye bingwa wa shingo. Zamu hiyo imeandikwa kwa chaki nyuma ya mlango, na hakuna hati nyumbani kwangu inayoheshimiwa zaidi, cheti cha ndoa kikiwemo. Wa tano akija sijui itakuwaje. Tano haigawanyiki kwa mbili, na Rama ameshaliona hilo, maana juzi aliniuliza mtoto akizaliwa bila meno atakaa muda gani bila meno.

Usafiri ndio usiseme. Bajaji hupakia abiria watatu. Zamani nilikuwa namuweka Zuhura na Rama pembeni, Asia anasimama kati ya magoti yangu, Idd nampakata, dereva anaangalia mbele na mimi naangalia pembeni, tunafika. Sasa paja la kumpakatia Idd limemezwa na tumbo. Kimebaki kibaraza cha vidole viwili na yeye anateleza kama samaki kwenye sinia. Jumapili iliyopita tulikuwa tunakwenda Temeke kwa dada yangu, nikaamua tupande daladala mpaka Kariakoo, tuunganishe huko. Tumepata siti mbili kwa miujiza. Konda akaja na noti zake zimekunjwa kwenye vidole.

"Mama, pakata huyo mtoto, siti ni hela."

"Nimeshapakata mmoja, kaka yangu. Huyu wa nje nimpakate wapi?"

Gari zima likageuka. Konda akaangalia tumbo, akaangalia watoto, nikamuona anahesabu kimyakimya huku midomo inatembea. Kisha akasema, kwa adabu zote, "Wa ndani halipi." Hapo ikaanza hoja ya wa nje. Mwanafunzi nauli yake shilingi 200, lakini leo Jumapili, sare hakuna, utajuaje huyu mwanafunzi? Rama akamwambia muulize mama yangu table ya saba. Mzee mmoja nyuma akasema mwacheni mama wa watu, taifa linaongezeka. Nikateremka Kariakoo nimelipia watu watatu na nimechoka kama nimebeba gari mgongoni, na Asia alikuwa na kiatu kimoja. Cha kushoto.

Siku ya Jumatano akaingia mama mkwe wangu kutoka Pangani. Amekuja mapema, miezi miwili kabla, kwa sababu anasema mimba za tano hazina adabu, hutoka zinapotaka. Amekuja na kapu la mdalasini, pilipili manga na hiliki, nazi kumi na mbili, na historia yake. Alizaa tisa. Wote nyumbani, hakutapika, hakunusa kiberiti, hakuwahi kuona pampasi, na siku ya kumzaa Baba Zuhura alikuwa ameshasonga ugali asubuhi. Kila nikikaa anasimulia habari za wanawake waliosimama. Nampenda, Mungu ananiona, na tangu amefika nakula nikiwa nimekaa, kitu ambacho sijakifanya tangu Asia azaliwe. Lakini analala chumba cha wasichana, Zuhura amehamia kwangu, Idd yuko kwangu siku zote, Asia akiota vibaya anakuja, na mwenye kitanda ninalala ubavu ukingoni kama kitabu cha mwisho kwenye rafu. Vyandarua tunavyo vya kutosha. Kila mimba kliniki wamenipa kimoja chenye dawa, kwa hiyo ninavyo vitano. Hapo pekee serikali imenihesabu mpaka tano. Kimoja kiko uwanjani, Rama amekifanya wavu wa goli.

Ni mama mkwe aliyetegua kitendawili. Ijumaa jioni aliinama kufagia chini ya kitanda cha Rama, jambo ambalo mimi na tumbo langu tumeliahirisha tangu mwezi wa nne wa mimba, akaniita kwa sauti ya mtu aliyeona nyoka.

"Mwanangu, njoo uone mambo ya mjukuu wangu."

Magari. Magari ya waya na maboksi ya juisi, mazuri, yana milango na antena, na magurudumu yake yamekatwa kwa duara safi kutoka kwenye kandambili za bluu, za pinki, na moja ya kijani niliyomnunulia baba yake Idi iliyopita. Nikamwita Rama. Akaja anatembea taratibu, mikono nyuma. Nikamuuliza kwa nini za kulia tu.

"Mama, si ulinikataza za kushoto?"

Nikakumbuka. Mwaka jana nilimkuta na kisu cha jikoni mkononi na kandambili yangu ya kushoto, nikamfokea: nisikuone tena unakata hii ya kushoto! Mtoto ni mtiifu. Ametii kwa mwaka mzima.

Nilitaka kumchapa lakini kuinama siwezi, na yeye bado hajarefuka vya kutosha. Badala yake, kwa mazoea ya kazi, nikafanya ukaguzi. Kandambili tisa za kulia, kila moja inatoa magurudumu mawili, jumla 18. Magari manne yamekamilika: la Zuhura, lake, la Asia, la Idd. Hayo ni magurudumu 16. La tano lipo nyuma ya boksi, limesimama kwa magurudumu mawili ya mbele tu, nyuma limeegemea kipande cha tofali.

"Na hili la nani?"

Akanyoosha kidole kwenye tumbo, akasema ameshindwa kulimaliza kwa sababu siku hizi nyumbani hazionekani kandambili.

Kwa hiyo, wewe jirani na wewe msomaji unayepita Bonde la Mpunga, ukiniona usiniulize "tena?" Ninatafuta kandambili moja ya mguu wa kulia. Saizi yoyote, rangi yoyote, hata kama mkanda umekatika. Iache kwa Mama Mwajuma.